Mto Nahanni kwa mtumbwi na mwongozaji: lipia ya wiki mbili, ya siku nane iache

Kampuni chache zenye leseni ya kupeleka wageni katika hifadhi ya Nahanni, kaskazini-magharibi mwa Kanada, huuza safari ya mtumbwi ya urefu wa namna tatu. Fupi ni ya siku nane hivi, nayo huanzia kwenye maporomoko ya Virginia. Ya kati ni ya wiki mbili na huanzia ziwa Rabbitkettle. Ndefu ni ya wiki tatu na huanzia Moose Ponds, karibu na chimbuko la mto. Zote hushuka mto uleule, Nahanni Kusini, hupita makorongo manne yaleyale na kutokea mto Liard. Ya kati tunaipa nyota nne na nusu kati ya tano. Fupi tunaipa mbili na nusu. Mandhari hayakuhesabiwa hapa, maana magenge ni yaleyale kwa mwenye siku nane na mwenye siku kumi na nne. Kinachotofautiana ni siku za akiba, na mto huu hula siku za watu bila kutazama ratiba ya mtu.

Ndefu tunaiweka kando kwa sababu ni kazi ya watu wengine. Makumi ya kilomita ya kwanza kutoka Moose Ponds ni mawe matupu na maji ya kasi yasiyokatika, na kampuni yenye akili haimpokei mtu ambaye hajawahi kuongoza mtumbwi kwenye maji makali. Ukiona inampokea kila mwenye pesa, hiyo ni ishara tosha.

Turudi kwenye siku. Hakuna barabara ya kufika mtoni huku juu. Unafika kwanza Fort Simpson, mji mdogo ulio palipokutana mito Liard na Mackenzie, kwa kawaida kwa ndege kutoka Yellowknife. Kutoka hapo ndege inayotua majini inavuka milima na kukushusha ziwani au mtoni juu ya maporomoko. Zipo pia zinazoruka kutoka Muncho Lake, British Columbia. Marubani hawa huruka kwa kuona njia kwa macho, hivyo wingu likilala mabondeni, au moshi wa misitu inayoungua ukitanda, ndege haiondoki. Moshi si jambo la kubahatisha upande huu: Agosti 2023 moto ulisogea hadi wakazi wote wa Yellowknife wakaamriwa kuhama. Hata mwaka ukiwa mtulivu, kukaa Fort Simpson siku nzima mkiangalia juu ni sehemu ya safari. Sasa piga hesabu ya ratiba ya siku nane. Moja imekwenda na wingu, nyingine imekwenda na upepo wa korongoni, zimebaki sita za kupiga kafi zaidi ya kilomita 200. Hapo mwongozaji anaanza kufanya yale aliyofundishwa asifanye: kuingia maji makali jioni watu wamechoka, au kuondoka kambini mto ukiwa unapanda. Ajali za mtoni nyingi huanzia kwenye uamuzi wa namna hiyo, na mtu asiye na siku za akiba hana uamuzi mwingine wa kufanya.

Uliza ni ndege gani itakayowabeba, kwa kuwa jibu linaeleza mengi. Twin Otter yenye maboya humeza watu, mizigo na mitumbwi iliyopachikwa mmoja ndani ya mwingine baada ya kufunguliwa viti na mihimili yake ya katikati. Ndege ndogo hubeba mtumbwi mmoja tu, umefungwa nje juu ya maboya, kwa hiyo kundi la watu kumi linahitaji safari kadhaa za kwenda na kurudi, na anga ikifunga katikati kundi linagawanyika: nusu wako ziwani, nusu wako mjini. Kampuni nzuri huweka mwongozaji, hema, chakula na simu ya setilaiti katika safari ya kwanza kabisa ya ndege. Isiyo nzuri hutanguliza wageni na mabegi yao, vyombo vya jikoni vinafuata baadaye.

Ili kupunguza safari za ndege, baadhi hutumia mitumbwi ya kukunja, yenye mifupa ya mabomba ya alumini na ngozi ya plastiki nene. Watu huiona wakaingiwa na shaka, lakini kwenye mawimbi inafanya vizuri sana. Hujipinda na kufuata umbo la maji badala ya kuyapiga. Ubaya wake ni sakafu. Haiburutwi kokotoni hata hatua mbili, na lazima inyanyuliwe ikiwa tupu. Mitumbwi migumu ya watu wawili huwa ya futi 17, yaani mita 5.2 hivi. Zamani mingi ilikuwa ya Royalex, aina ya plastiki ya tabaka ambayo sasa haitengenezwi tena, na warithi wake hawalingani kwa uzito: ile ya plastiki ya polithini huwa mizito kuliko ya T-Formex, na kilo hizo chache utazijua kwenye njia ya kubebea mitumbwi pale Virginia. Kwa vyovyote vile, kila mtumbwi uwe na turubai la kuufunika wote kuanzia omo (mbele) hadi tezi (nyuma), lenye matundu mawili ya wapiga kafi na sketi za kiunoni zinazochomoka kwa kuvutwa mara moja. Kampuni inayosema turubai ni hiari haijui inachokisema. Mtumbwi wa ukubwa huu ukijaa maji unabeba mamia ya kilo, hautii kafi, na unakwenda unakotaka mto.

Kwa nini basi Rabbitkettle? Watu hudhani unalipia kilomita 120 hivi za ziada za kutazama milima. Kipande hicho ndicho shule. Mto hapo ni mpana, unakwenda haraka lakini uso wake ni laini, na mwongozaji ana siku tatu au nne za kuwafundisha wawili wasiojuana kuwa chombo kimoja. Mwenye omo anajifunza kutoacha kupiga kafi anapoogopa. Mwenye tezi anajifunza kuongoza bila kubadilisha upande kila baada ya mapigo mawili. Wote wawili wanajifunza kuvuka mto kwa kuelekeza omo kinyume cha mkondo, chombo kikiwa kimekaa mshazari kidogo, ili mkondo wenyewe uwasukume hadi ng'ambo. Wanajifunza pia kuingia kwenye maji tuli ya nyuma ya mwamba na kutoka tena. Kwenye mstari ambapo maji ya kushuka yanapishana na maji yanayorudi, lazima waegemee ndani ya kona kama mwendesha baiskeli. Anayeegemea nje ameshapinduka. Kosa hili ukilifanya kwenye kipande hiki, unalowa, watu wanacheka, mnakausha nguo. Chini ya maporomoko halichekeshi.

Karibu na ziwa viko vichuguu vya mawe vya Rabbitkettle, vilivyojengwa na madini ya chemchemi ya maji moto; kikubwa kina kimo cha mita 27 hivi. Hukwei mwenyewe: mfanyakazi wa Parks Canada, shirika la hifadhi za taifa, ndiye anayeongoza, na viatu vinavuliwa, kwa kuwa ganda lake huvunjika kwa soli. Kama ratiba ya kampuni haina nafasi ya kumngojea mfanyakazi huyo, basi hamtapanda, hata kama picha yake iko kwenye tangazo.

Maporomoko ya Virginia, ambayo Wadene, wenyeji wa asili wa eneo hili, huyaita Náįlįcho, yana mita 96, takriban mara mbili ya Niagara, na katikati yake limesimama jabali linalobeba jina la Bill Mason, mpiga kafi na mtengeneza filamu wa Kanada. Kuna njia ya mbao na kambi, na nafasi zake hupangwa na hifadhi, hivyo muulize mwuzaji amewekewa usiku mangapi. Mmoja hautoshi. Kazi ya hapa ni kubeba kila kitu nchi kavu kwa zaidi ya kilomita moja, nusu ya kwanza ikiwa rahisi na ya mwisho ikiwa mteremko mkali wenye kona. Kila mtu hutembea njia hiyo mara mbili au tatu, na mapipa ya chakula ya lita 60, yenye mikanda ya mgongoni, huwa mazito kuliko yanavyoonekana. Vifundo vya miguu hunyongeka hapa kuliko mahali pengine popote katika safari. Mwongozaji mzuri anagawa kazi hii kwa siku mbili, katikati mnapumzika au mnapanda mlima Sunblood. Kwenda Sunblood mnavuka mto kwa mtumbwi juu ya maporomoko, na uvukaji huo huanzia mbali sana juu, kila mtumbwi ukiwa na kafi la akiba na kamba tayari. Akianza kuwavusha karibu na kambi eti kwa sababu maji yanaonekana tuli, kataeni.

Sasa jambo lenyewe. Korongo la Nne (makorongo huhesabiwa kutoka chini ya mto kwenda juu) linaanzia papo hapo chini ya maporomoko, na urefu wake ni kilomita nane hivi. Mawimbi yaliyo juu kuliko yote ya safari yako hapa, katika saa ya kwanza ya maji. Anayetoka Rabbitkettle ameshapiga kafi siku kadhaa na mwenzake. Wa siku nane ameshuka kwenye ndege, amebeba mapipa, kisha anasukumwa kwenye mawimbi hayo na mtu aliyekutana naye juzi. Kampuni makini zinazouza safari fupi hutumia hapo boti kubwa za mpira badala ya mitumbwi, au huunganisha mitumbwi miwili kwa nguzo ili isipinduke. Zote mbili ni suluhisho la kweli. Kuunganisha mitumbwi kunaharibu wepesi wake na kunahitaji fundo zinazokaguliwa kila mnaposimama, lakini ni bora kuliko kuogelea.

Baada ya hapo, mbele kidogo, ni Figure Eight, wengine huita Hell's Gate. Mto wote unaugonga ukuta wa mwamba na kukata kona kali, na maji yanayorudishwa na ukuta yanazunguka pande zote mbili. Utaratibu unaotakiwa ni huu: mitumbwi yote inafungwa mapema juu ya kona, watu wanatembea hadi mahali pa kuona, mwongozaji mmoja anashuka kwanza na kukaa chini akiwa na kamba ya kurushia ya mita 15 hadi 20, kisha mtumbwi mmoja mmoja unafuata, mwingine ukishaonekana umetulia. Asiyetaka anazunguka nchi kavu, na haulizwi mara mbili. Yanayoharibika hapa yanajulikana. Mwenye omo anauona ukuta, anashika ubavu wa mtumbwi kwa mikono miwili, chombo kinapoteza mwendo, na chombo kisicho na mwendo hakiongozeki. Au mzigo umerundikwa nyuma, omo inaelea juu, mkondo unaizungusha. Ukinaswa kwenye mzunguko, usipigane nao kila sehemu. Acha ukuzungushe hadi mahali ambapo maji yanaelekea chini, kisha toka kwa nguvu zote. Maji yakiwa mengi sana, kila mtu abebe nchi kavu. Hapo ndipo siku ya akiba inapotumika: mara nyingi kulala usiku mmoja mkingoja mto ushuke ni jibu sahihi kuliko ustadi wowote.

Kuhusu baridi ya maji, waongozaji wa Kanada hufundisha kanuni ya 1-10-1 ya mtafiti Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba: ukitumbukia kwenye maji ya baridi kali una dakika moja ya kutuliza pumzi, dakika kumi za misuli kufanya kazi ya maana, na kama saa moja kabla ya kupoteza fahamu. Nahanni ya Julai si maji ya barafu, lakini vidole huacha kukamata kamba mapema kuliko unavyodhani. Kwa hiyo suti isiyopitisha maji kabisa, yenye mpira shingoni na mikononi, tunaiona ni lazima Juni na mwishoni mwa Agosti. Katikati ya Julai suti nzito ya mpira inatosha. Kampuni nyingi hukodisha. Ijaribu siku ya kwanza, kwa sababu mpira wa shingo uliozeeka huchanika unapoingiza kichwa, na aliye na gundi na kipande cha kubandika ndiye anayejua kazi yake.

Makorongo ya Tatu na ya Pili hayana taabu, ni ya kutazama. Genge la Pulpit Rock pale The Gate linapigwa picha na kila mtu, na ni haki yake. Kati ya Korongo la Pili na la Kwanza kuna Deadmen Valley, bonde lililopewa jina hilo baada ya ndugu Willie na Frank McLeod, watafuta dhahabu, kukutwa humo mwaka 1908 wakiwa mifupa isiyo na vichwa. Waongozaji hukaa wakisimulia hadithi hiyo jioni nzima. Tungependa watumie nusu ya muda huo kueleza mafuriko, kwa kuwa bonde hili na midomo ya vijito ndipo kambi hufurika. Milima ya chokaa ina udongo mwembamba usionyonya mvua. Inanyesha juu, nyinyi mko chini ya jua, na usiku mto unapanda. Kambi nzuri inawekwa juu ya ukingo mkavu wenye miti. Mitumbwi inapinduliwa na kufungwa kwenye mti kila usiku, hata kama anga ni safi. Kijiti kinachomekwa penye ukingo wa maji kabla ya kulala, na anayeamka usiku kwenda haja anakitazama. Mwongozaji asiyechomeka kijiti ni mvivu, hakuna neno jingine. Maji ya kunywa nayo huchafuka mto ukipanda: yaache kwenye ndoo usiku mzima yatulie, ndipo uyachuje, la sivyo tope litaziba chujio siku ya pili.

Korongo la Kwanza lina kuta zinazopita mita 1,000 na maji makali mawili ya kujihadhari nayo, George's Riffle mlangoni na Lafferty's Riffle ndani. Yote mawili hubadilika kwa kimo cha mto, na mtu aliyezembea baada ya siku tatu rahisi ndiye anayepinduka hapo. Mwisho wa korongo ni chemchemi ya maji moto ya Kraus. Inanuka kiberiti, matope yake ni laini, na hakuna anayelalamika.

Jikoni, kampuni zinazofanya kazi hii vizuri hupika mkate kwenye chungu cha chuma juu ya karai la moto, hutumia magogo yaliyoletwa na mto na kubeba jiko la gesi kwa siku za mvua. Tazama mapipa yanakaa wapi usiku: mbali na mahema, yamefungwa kwa pete ya chuma. Dubu weusi na wa kahawia wote wapo. Bunduki haziruhusiwi kwa wageni ndani ya hifadhi, hivyo kinga ni usafi wa jikoni, kelele na kopo la kupulizia pilipili. Kopo hilo na mitungi ya gesi haviingii kwenye ndege ya abiria; mwandikie mwuzaji mapema akuwekee huko. Mbu huwa wengi Juni na nusu ya kwanza ya Julai, baadaye usubi huchukua zamu. Kofia yenye chandarua haina uzito, ibebe. Kuanzia nusu ya pili ya Agosti wadudu hupungua na usiku unakuwa mweusi wa kutosha kuona taa za kaskazini, ila maji ni machache na asubuhi ni baridi.

Kabla ya kulipa, uliza haya na utake majibu kwa maandishi. Waongozaji wangapi kwa wageni wangapi? Mmoja kwa wageni watano au sita ni sawa, mradi wasipungue wawili kwenye kundi lolote. Je, wana cheti cha huduma ya kwanza ya porini cha saa 70 hadi 80, na cha uokoaji kwenye maji ya kasi? Ndege ikichelewa, nani analipia usiku wa ziada Fort Simpson? Katika mikataba mingi ni wewe, na bima ya kawaida ya safari haigusi helikopta ya kukutoa mtoni, kwa hiyo tafuta inayoandika uokoaji kwa jina. Kikomo cha mzigo binafsi ni kilo ngapi? Pima mzigo wako mwenyewe kwanza, kwa kuwa rubani naye atapima.

Nyota nusu tuliyoikata kwenye safari ya wiki mbili ni kwa ajili ya mwisho wake. Ukitoka korongoni mto unagawanyika kuwa matawi ya kokoto yanayoitwa Splits, yanayohama kila mwaka, na magogo yaliyokwama huziba mengine. Fuata tawi lenye maji mengi, si lililo karibu. Baada ya kijiji cha Nahanni Butte ni mto Liard, mpana, wa rangi ya tope, wenye upepo wa mchana unaoweza kuisimamisha mitumbwi kabisa. Kampuni nyingi hupanga kipande cha Liard hadi Blackstone, kwenye barabara kuu ya Liard, kiwe cha siku moja, na gari linasubiri saa iliyoandikwa. Omba siku mbili, au boti ya injini kutoka kijijini. Vinginevyo mtaamshwa saa kumi alfajiri kuuwahi utulivu wa maji kabla upepo haujaanza.